Gofu ya Kigali kwa Mwenye Mshahara

Katika miji ya jangwani bei ya gofu huamuliwa na jua. Huko Dubai, ambako uwanja mkubwa wa majani ulifunguliwa mwaka 1988 na kuwa wa kwanza wa aina yake katika nchi za Ghuba, wageni humiminika wakati wa majira ya baridi na mchezo huuzwa ghali. Ifikapo Julai, joto likipita digrii 40, viwanja hubaki vitupu na bei hushuka. Mwenye kipato kidogo akitaka kucheza huko hana budi kuvumilia kuokwa. Hata hivyo amepata nafuu kuliko waliomtangulia, maana viwanja vya kale vya jangwani havikuwa na jani hata moja: mchanga ulichanganywa na mafuta kuzunguka shimo ili usipeperuke, na mchezaji alitembea na kipande cha zulia, akikitandika chini kila alipotaka kupiga mpira.

Kigali haina shida hiyo. Mji huo uko takriban digrii 2 tu kusini ya Ikweta, lakini umeinuliwa na vilima hadi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hukaribia digrii 27, usiku hushuka hadi 15 au 16, na hali hiyo haibadiliki sana kutoka Januari hadi Desemba. Kinachobadilika ni mvua, na hapo ndipo msafiri mwenye mshahara wa kuhesabu anapopata nafasi yake.

Uwanja wenyewe uko Nyarutarama, katika bonde lenye ziwa dogo, na kuzungukwa na nyumba za watu wenye uwezo. Zamani ulikuwa wa kawaida. Baadaye ukafumuliwa na kujengwa upya kuwa wa mashimo 18, kwa ramani iliyochorwa na kampuni ya Gary Player, yule bingwa wa Afrika ya Kusini aliyeshinda mashindano makubwa ya dunia mara 9. Majani yake ni mazuri na mabonde yake yanamsumbua mchezaji ipasavyo. Kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi, mpira huruka mbali kidogo kuliko unavyoruka Mombasa au Dar es Salaam, na mtu wa pwani hujiona ghafla amepata nguvu mpya. Asidanganyike, maana kuelekeza mpira kunabaki kazi ile ile.

Ni haki kusema pia kwamba bonde hilo si la matajiri tangu kuumbwa kwake. Hapo hapo Nyarutarama palikuwa na vijiji vya wanyonge, Kangondo na Kibiraro, hadi mwaka 2022 wakazi wa mwisho walipohamishiwa Busanza, wengine wao wakiwa hawakuridhika. Mgeni anayepita na mfuko wa fimbo begani anapita mahali ambapo thamani ya ardhi imekwisha kuamua nani akae na nani aondoke.

Je, askari au karani mwenye watoto watatu ana haja gani na mchezo huo? Swali hilo lina jibu katika Afrika Mashariki yenyewe. Kule Lugalo, Dar es Salaam, uwanja wa gofu ni wa Jeshi la Wananchi. Katika viwanja vingi vya kanda hii wachezaji hodari walianza wakiwa vijana wachukuzi wa fimbo, ambao huitwa makedi. Gofu haimkatai maskini kwa sababu ya mikono yake. Humkatai kwa sababu ya gharama, na gharama zinaweza kupunguzwa na mtu mwenye subira.

Kwanza ni vifaa. Sheria inaruhusu fimbo 14, lakini hailazimishi mtu kuwa nazo zote. Mchezaji wa kawaida akiwa na 6 au 7 hapungukiwi kitu, na hizo huingia katika sanduku la basi bila kugombana na utingo. Zifungwe kwa gunia au kitambaa: Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na maafisa wa mpakani huitoa mizigoni bila kuona haya. Asiye na fimbo ataazima au kukodi, na hapo aulize bei kabla ya kuzigusa. Mipira ya kuokotwa inatosha kabisa, kwa sababu ziwa la Nyarutarama halibagui mpira mpya na mkuukuu.

Pili ni ada ya kuingia. Bei hubadilika, basi ulizo la simu siku chache kabla ya safari lina faida kuliko habari za rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Maswali ni manne: mashimo 9 ni kiasi gani kuliko 18, siku za kazi zina nafuu gani kuliko Jumamosi na Jumapili, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda iliingia mwaka 2007, ana bei yake au analipa kama mtalii wa Ulaya, na mwanachama wa klabu nyingine hupunguziwa au la. Kwa swali hili la mwisho, barua ya katibu wa klabu ya nyumbani pamoja na cheti cha hendikapu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, ni karatasi mbili ambazo huenda zikaokoa fedha ya chakula cha siku nzima. Ujira wa kedi usipunguzwe. Hapo si mahali pa kubania.

Tatu ni majira. Wanyarwanda wanayo majina manne. Impeshyi ni kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti, wakati watalii wanapokwenda kuwaona sokwe wa milimani na vyumba vya wageni mjini vinapopanda bei. Umuhindo ni mvua za Septemba hadi Desemba. Urugaryi ni kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Itumba ni masika ya Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yenye maji mengi zaidi. Mwenye haraka ya kuokoa fedha achague Oktoba, Novemba au Mei, wakati wageni ni wachache na mwenye nyumba ya wageni yuko tayari kuzungumza. Mvua za huko mara nyingi hunyesha alasiri. Anayeanza saa moja asubuhi aweza kumaliza mashimo yake 9 akiwa mkavu. Radi ikianza kunguruma mchezo uachwe mara moja, kwani fimbo ya chuma katikati ya uwanja mtupu ni mwaliko wa kifo.

Lakini kuna juma moja ambalo hata kama vyumba vingetolewa bure, msafiri wa gofu asilichague. Kuanzia Aprili 7 nchi nzima huingia katika maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Muziki na starehe husimama, na mtu anayetafuta mahali pa kupiga mpira wakati huo atajiona mwenyewe kuwa hana adabu. Katika siku nyingine zozote, familia ifike Gisozi, kwenye ukumbusho uliofunguliwa mwaka 2004, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Hakuna kiingilio. Watoto wadogo waachwe na mmoja wa wazazi, maana yaliyomo ndani ni mazito.

Kwa safari yenyewe, basi ndilo la mwenye mshahara. Kutoka Kampala ni kama kilomita 500 kwa njia ya Gatuna, mpaka uliofungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400 kupitia Rusumo, na mama mwenye mtoto mchanga afikirie mara mbili. Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Mtanzania achukue pasipoti, na wote wawe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Askari asisahau ruhusa ya mkuu wake kwa maandishi, na nguo yoyote yenye rangi za jeshi, hata kofia ya mvua, ibaki kambini. Saa irudishwe nyuma kwa saa moja, na anayevuka barabara atazame kushoto kwanza, kwa kuwa magari ya huko hupita kulia.

Linabaki jambo ambalo wanaume wengi hulisahau: baba akicheza saa mbili au nne, mama na watoto watakuwa wapi? Kigali inayo majibu ya bei ndogo. Jumapili mbili za kila mwezi barabara kadhaa hufungiwa magari asubuhi, watu wakakimbia na kuendesha baiskeli bila malipo, na huduma ya kupima afya ikatolewa hapo hapo. Nyandungu ni bustani ya bonde lenye maji, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambako watoto hutembea siku nzima kwa kiingilio kidogo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, ni Umuganda, kazi ya pamoja ya taifa. Mabasi husimama na maduka hufungwa, basi isipangwe safari wala mchezo. Mgeni anayejitolea kushika jembe hupokewa vizuri.

Chakula cha mchana huitwa melanje: mtu hulipa mara moja, akajaza sahani yake mara moja, ndizi, wali, maharage, isombe ambayo Mtanzania ataiita kisamvu, na kipande kimoja cha nyama. Wenyeji wana ustadi wa kuijenga sahani hiyo kama mlima, na mgeni hujifunza siku ya pili. Jioni familia iteremke Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Waislamu tangu zama za ukoloni, ambako Kiswahili kilisemwa muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Huko chapati na chai ya maziwa huagizwa kwa lugha ya nyumbani, na muuzaji anayesikia lafudhi ya Tanga au Mombasa huwa mwepesi wa kuuliza habari za pwani. Nyumba za kulala wageni za upande huo ni nafuu kuliko za Nyarutarama, na mabasi ya kuvuka mji hulipiwa kwa kadi, ambayo baba, mama na watoto wanaweza kuitumia moja kwa zamu.