Panga la Mama

Mama alinipa panga lake likiwa limefungwa kwenye gunia, akaniambia nimtafutie fundi wa kulitia mpini mpya. Mpini tu. Nalisisitiza neno hilo kwa sababu nililisikia vizuri, nikalipuuza.

Likizo ya Aprili ilikuwa inaisha. Yeye anaishi Lodwar, upande wa mto Turkwel. Mimi nafundisha Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Ndani ya matatu kondakta aligusa gunia kwa kiatu, akauliza, "Mwalimu, hii ni nini umebeba?" Nikamwambia ni panga la mamangu. Akacheka, akalisukuma chini ya kiti.

Si panga la ajabu. Ni yale ya chapa ya mamba, ya Ralph Martindale wa Uingereza, ingawa kwenye hili mamba alikuwa amebaki mkia tu. Bapa lilikuwa jeusi kwa utomvu na kutu. Mpini ulikuwa umepasuka, nao umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Makali hayakuwa mstari ulionyooka. Katikati yalikuwa yameingia ndani kidogo, pale Mama anapolenga kila siku. Hulinoa kwa jiwe, amechuchumaa, kopo la maji pembeni.

Analikatia mathenge. Mti huo ulipandwa Turkana miaka ya 1980 ili uzuie mchanga na uwape watu kuni, ukakubali kazi hiyo kupita kiasi: ukafunga njia, ukajaa kando ya mto, na miiba yake hutoboa hata tairi. Watu wengi wanaulaani. Mama haulaani. Anaukata, anauchoma makaa, anauza. Karo yangu ya sekondari, yote, ilitoka kwenye bapa lile. Ndiyo maana nilitaka kumrudishia panga linalong'aa. Nilitaka alifungue gunia aone mshahara wa mwalimu.

Kule Kakuma, kambi iliyoanza mwaka 1992, ukitafuta fundi wa mbao hukosi. Huyu wangu ni mzee kutoka Kongo, anatengeneza vitanda na madawati. Ana mashine ya umeme ya kupigia mbao msasa, ile ya mkanda unaozunguka, nayo ameigeuza chali na kuifunga kwenye meza kwa vyuma. Jenereta ikiwaka, unakileta kitu kwenye mkanda badala ya kupeleka mashine kwenye kitu. Nilimwomba anifundishe nilifanye mwenyewe. Akanitazama, akafagia kwanza vumbi lote la mbao, maana cheche za chuma zikiangukia humo, duka linaondoka.

Tuliung'oa mpini wa zamani kwa kukata misumari yake. Kisha akaweka mkanda wa namba 60, ule mkwaruzo. "Valia miwani. Glavu hapana, mkanda utavuta mukono. Makali yaangalie kule mkanda unaenda, isikuje kuuma. Na usifinye! Acha mashine itumike."

Nikaanza na bapa. Jamani, kuna raha katika kuona kutu ikiondoka. Chini ya weusi ule kulikuwa na chuma cheupe kama samaki, na kila nilipopitisha nilitaka kupitisha tena. Mkia wa mamba ukaenda bila mimi kuona. Tukabadilisha mkanda, namba 120, halafu 240. Nilipofika kwenye makali nikaamua kuliondoa lile bonde la katikati. Ili bonde liishe, lazima ushushe chuma cha pande zote mbili mpaka kifikie kimo chake. Nilishusha.

Fundi akaitwa nje. Kabla hajatoka alinionyesha ndoo: "Tia mu mayi kila mara. Ukisikia moto kwa kidole, umechelewa." Nilitia mara tatu nne, kisha nikaona ni kupoteza muda. Nikafinya. Karibu na ncha, mahali pa upana wa vidole viwili, makali yakawa manjano, yakawa kahawia, yakawa buluu. Buluu nzuri sana, kwa kweli.

Aliporudi hakupiga kelele. "Hapo umeipika," alisema. Akanieleza, nami baadaye nikasoma nikaona ni kweli: chuma cha panga kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa, na kikifika kama nyuzi 300 kinaonyesha buluu hiyo, na ugumu wa pale unapungua. Dawa ilikuwa kusaga taratibu, kwa maji, mpaka buluu yote iishe upana wake. Hiyo ingekula sentimita nzima ya panga. Na mimi nilikuwa nimeshakula nyingi.

Sikufanya hivyo. Nilichukua kipande cha msasa laini, nikasugua kwa mkono. Rangi ilitoka. Ulaini haukutoka. Fundi aliniona, akaendelea kuchonga mpini.

Nililipeleka Lodwar katikati ya muhula. Wiki hizo zote Mama alikuwa akiazima panga la jirani, kwa debe moja la makaa kila wiki. Hilo hakuniambia mpaka siku ile. Alilifungua gunia. Lilinyoa nywele za mkono wangu, nikamwonyesha. "Ejok," akasema, yaani ni vizuri, kwa sauti ya mtu anayepokea zawadi ya mtoto. Akalipima uzito mkononi. "Limekuwa jepesi."

Asubuhi tukaenda kwenye mathenge. Mpini wenye vanishi uliteleza kwa jasho, akaufunga leso. Makali membamba yale, mazuri kwa nyama, yalianza kumeguka kwenye ukuni. Tawi la tatu au la nne, alipokata kwa upande wa ncha, chuma kikajikunja kama bati. Akaligeuza kwenye jua. Mama hajasoma habari za nyuzi joto, lakini alipapata kwa kidole gumba, pale pale.

"Hapa paliungua."

Nikanyamaza.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

Alikaa chini ya mti. "Hii ilikuwa inaniongoza miaka mingine kama mitano," alisema, akionyesha kwa kidole upana nilioutoa. "Sasa sijui. Labda miwili." Hakuwa anafoka. Alikuwa anahesabu.

Kazi ya kurudisha makali manene ilichukua siku mbili, kwa lile jiwe lake. Nilimwomba nimsaidie, akasema mkono wangu una haraka. Lakini alinisukumia kopo, nikawa namwagia maji jiwe likikauka. Jioni ya pili alitoa kipande cha tyubu akafunga mpini juu ya vanishi yangu.

Mwezi uliofuata nilimtumia pesa za panga jipya. Alinunua mbuzi.