Kabla ya Kununua Pawa Saplai, Hesabu Pini

Kazi yangu ni ugani, lakini siku hizi naulizwa pia habari za kompyuta, kwa sababu hesabu za maziwa na madeni ya pembejeo ya vikundi vimo humo. Pawa saplai ikiungua, wengi hukimbilia mjini kununua yoyote ya bei nafuu. Nami huwaambia: chomoa kwanza waya wa umeme, fungua kava, uhesabu pini kwenye mazabodi.

Plagi kubwa huwa na pini 24. Mashine za zamani 20. Ile ya kulisha prosesa, iliyo karibu nayo, ina pini 4 au 8. Ya 8 mara nyingi hugawanyika 4 na 4. Usiichanganye na ya kadi ya picha, inayogawanyika 6 na 2. Zinafanana, ila nyaya za volti 12 na nyaya hasi zimepangwa kinyume. Ukiilazimisha, unaweza kuunguza mazabodi.

Baadhi ya kompyuta za ofisini za Dell na HP zina plagi za kipekee. Kwa hizo, nenda dukani na pawa saplai ya zamani mkononi. Muuzaji akisema "zote sawa", linganisha kwanza, ndipo ulipe. Fedha ya kikundi ni jasho la watu.