Dakika Nane Angani, Wiki Mbili Gizani

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mpenzi msomaji, mimi nililijua hili kwa njia ya aibu.

Tangu utotoni hapa Ndanai napenda ndege. Nilianza na za karatasi, nikaja za mabua ya mahindi. Kisha nikasoma kuhusu ndege za mfano zinazopaa kwa injini ndogo ya jeti ya kweli. Injini hiyo huvuta hewa, huikandamiza, huchoma mafuta ya taa na kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Mafuta ya taa! Kumbe hata kwetu yapo!

Jioni hiyo nilichota lita nzima kutoka mtungi wa kogo nikajaribu "injini" yangu ya mkebe. Haikupaa, ilitoa moshi tu. Usiku kogo, ambaye nyumba yake haina stima, alitikisa mtungi akausikia mtupu. "Mjukuu wangu, leo tutalala na mbalamwezi," akasema. Dada yangu mdogo alifunga daftari lake bila neno. Heri wangenigombeza.

Kesho yake nilimweleza mwalimu wetu wa Fizikia yote. Hakunicheka. "Lete daftari tupige hesabu," akasema.

Jeti ndogo ikienda kwa nguvu zote huweza kuchoma takriban mililita 300 kwa dakika. Hata ukipunguza moto, dakika 8 angani zaweza kumaliza lita 2. Tukikadiria shilingi 150 kwa lita, hizo ni shilingi 300, mbali na oili inayochanganywa humo na injini kupelekwa kwa fundi baada ya saa kama 25 za kazi. Lita 2 ndizo taa ya kogo hutumia wiki mbili.

"Basi tutumie ya umeme, Mwalimu!" nikasema. Hiyo husukumwa na feni inayozungushwa na mota ndani ya bomba. Betri ya volti 22.2 na ampea-saa 5 hubeba wati-saa 111. Pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ni kama yuniti 0.13. Kwa shilingi 30 kila yuniti, ni shilingi 4 tu. Nikaruka kwa furaha.

"Ngoja kwanza, bwana mdogo. Hiyo hupaa dakika 4 hivi. Na betri huchoka. Tuseme umeinunua 12,000, ukaichaji mara 150, ikafa."

Nikagawanya: shilingi 80 kwa kila safari. Basi dakika 8, yaani safari mbili, ni shilingi 168 wala si 8. Umeme bado ni nafuu, ila gharama yake imejificha ndani ya betri. Ya jeti huiona mtungini.

Lakini hesabu ngumu zaidi haikuwa ya ndege. Lita ile sikuinunua mimi. Aliilipia kogo, na dada yangu akalipa kwa kukosa kusoma. Likizoni nilikwenda kwa mjomba huko Kericho kuchuma majani chai. Niliporudi nilimpa kogo lita mbili: moja ya deni, nyingine ya riba. Akacheka, akawasha taa, akamwita dada yangu alete daftari.

Ndege bado naipenda. Siku hizi huanza na kalamu.