Bariadi: Usiku wa Mvua na Dundu wa "Ta!"

Kama wewe na mwenzio mmechoka na fukwe na picha za machweo ambazo kila mtu anazo, mwaka huu pandeni basi mwende Bariadi. Ndiyo, Bariadi! Kutoka Mwanza mnafuata barabara ya Musoma mpaka Lamadi, jirani na lango la Ndabaka la Serengeti. Hapo mnakata kulia, kama kilomita 70 hivi, mnaingia makao makuu ya Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012.

Nendeni wakati wa mvua. Viatu vitaharibika, sikatai. Lakini jioni taa ya barazani ikiwaka wadudu wanamiminika, na kati yao yumo dundu mwembamba wa kahawia. Mgeuze chali. Vijiguu vyake havimsaidii, basi anajikunja, anatulia, halafu... ta! Yuko hewani. Chini ya kifua ana kimwiba kinachofyatuka na kuzama kwenye kishimo chake, kama mtego wa panya. Wapo wanaoruka hadi sentimita 30 bila kutumia mguu hata mmoja. Mimi na mume wangu tulishindanisha wa kwetu mpaka saa nne usiku, simu zikiwa ndani. Jamani, tulicheka!

Mama mkwe hakucheka. "Mnacheza naye, wanangu, mimi watoto wake nawalisha." Kumbe viwavi wa dundu hawa, wagumu na wembamba kama waya, huishi ardhini, wengine miaka kadhaa, wakitafuna mizizi na mbegu. Mahindi yasipoota ni kununua mbegu upya, na mvua haikusubiri.

Mume wangu akataka kutuma dawa kali kutoka Dar. Mama akakataa: na kuku je, na nyuki? Si ubishi wa kizee huo. Wilayani Meatu, humohumo Simiyu, kuna wakulima wanaolima pamba bila dawa za viwandani tangu miaka ya 1990. Na kuna dundu wasio na pa kukimbilia: yule mkubwa wa kisiwa cha Frégate, Shelisheli, hapatikani porini kwingine kokote. Panya walipoingia kisiwani mwaka 1995, baadhi ya dundu walipelekwa London kuzalishwa.

Tulibishana njia nzima ya kurudi, michembe ya mama ikiwa mapajani. Tulipofika Mwanza tulikuwa tumekubaliana: hela ya mbegu itatumwa mapema, ya akiba pia. Dawa, hapana.