Kithimani: Neema Iliyochimbwa na Wafungwa

Msafiri aondokaye Thika kwa barabara ya kwenda Garissa huipita Kithimani kabla ya kufika Matuu. Huenda akadhani ni kituo tu cha kununulia matunda. Lakini mji huu mdogo una historia nzito, nayo yaanza na jina lenyewe: kwa Kikamba, kithima ni kisima.

Yatta ni mbuga kavu. Enzi za ukoloni Wakamba hawakuruhusiwa kulisha mifugo huko wapendavyo, maana serikali iliihesabu ardhi hiyo kuwa yake. Malisho yalipowabana kwao, wakalaumiwa kwa wingi wa ng'ombe. Mwaka wa 1938 mifugo yao ilipochukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu hadi Nairobi kulalamika. Serikali ikalegeza kamba.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Katika miaka ya 1950, wafungwa wa Mau Mau walilazimishwa kuchimba mfereji wa kilomita 60 hivi, kutoa maji Mto Thika na kuyaleta Yatta.

Leo mfereji huo ndio unaonywesha nyanya, bamia na maharagwe ya kuuzwa ng'ambo. Karo za watoto hutoka humo. Kiangazi kikizidi, wa juu na wa chini hugombania maji.

Waliochimba hawakuonja mavuno hayo. Basi, ndugu msomaji, ukinunua nyanya Kithimani, jua kwamba zilianza kunyweshwa kwa jasho lisilolipwa.