Ng'ambo Mbili za Danube

Mnara wa maji wa Vukovar huonekana kabla ya mji wenyewe. Tulikuwa tumeketi juu ya sitaha, meli ikishuka na mkondo wa Danube, Kroatia mkono wa kulia, Serbia mkono wa kushoto, na mierebi kando zote mbili. Mara ukachomoza juu ya miti: mita 50 kwenda juu, matofali mekundu, umetobolewa kila upande. Maongezi yakakatika. Mwaka 1991 mnara ule ulipigwa makombora zaidi ya mara 600 na haukuanguka. Ulipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2020, matundu yake yaliachwa makusudi, ili anayepita mtoni aone.

Safari ile mimi na mke wangu tulilipiwa na binti yetu anayefanya kazi Vienna. Makasri na mashamba ya mizabibu tuliyaona, tena mazuri. Kilichonikaa moyoni ni Vukovar na Novi Sad.

Vukovar tulitembezwa na kijana aliyezaliwa baada ya vita vya Kroatia kujitenga na Yugoslavia. Alisimulia polepole, mambo aliyoyarithi kwa wazazi wake. Jeshi la Yugoslavia na wanamgambo wa Kiserbia waliuzingira mji kwa siku 87, mpaka ukaanguka tarehe 18 Novemba 1991. Hospitalini, majeruhi walitibiwa vyumba vya chini ya ardhi. Siku mbili baada ya mji kuanguka, zaidi ya watu 200 walitolewa hospitalini humo, wakapelekwa kwenye shamba la Ovčara na kuuawa. Mwaka 2007 mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimhukumu kanali Mile Mrkšić kifungo cha miaka 20 kwa jambo hilo. Kwenye makaburi ya mashujaa tulikuta misalaba myeupe 938, safu kwa safu. Mke wangu alishindwa kuendelea, akakaa kwenye benchi.

Mchana tulikaribishwa chakula katika nyumba ya mama mmoja wa makamo. Alitupakulia mchuzi wa samaki uliokolezwa paprika, akatuambia kwamba yeye na wanawe waliukimbia mji wakiwa na mfuko mmoja wa nguo, wakarudi baada ya Umoja wa Mataifa kuukabidhi mkoa ule kwa Kroatia mwezi Januari 1998. Nilimsikiliza nikiikumbuka Kigoma ya mwaka 1996, nilipokuwa nikifundisha, na maboti yakishusha watu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kina mama wamebeba watoto na sufuria. Nilimwambia hivyo kupitia kwa mkalimani. Akanishika mkono, akaniongezea mchuzi.

Aliyemsikitisha zaidi siku ile alikuwa kijana wake wa mwisho, aliyehamia Ujerumani kutafuta kazi. Sensa ya 1991 ilihesabu wakazi zaidi ya 44,000 mjini Vukovar. Ile ya 2021 ilihesabu kama 23,000. Nyumba zimejengwa, kasri la Eltz limerudishiwa uzuri wake, lakini vijana wanaondoka. Na wanaobaki, watoto wa Kikroati na wa Kiserbia, bado wengi wao husoma madarasa tofauti.

Tukateremka hadi Novi Sad, ndani ya Serbia, na huko mwenyeji wetu alikuwa mwanamke aliyekuwa msichana wa shule mwaka 1999. Katika vita vya Kosovo, ndege za NATO zilibomoa madaraja yote matatu ya mji ule mwezi Aprili, ilhali mji wenyewe uliongozwa na wapinzani wa rais Milošević. Petrovaradin, ng'ambo ya pili, ikakosa maji. Kwa miaka kadhaa watu walivuka kwa daraja la maboya lililoziba njia ya meli, hadi Daraja la Uhuru lilipofunguliwa tena mwaka 2005. Tulipita chini yake jioni. Yule mwanamke alitueleza jinsi baba yake alivyokuwa akiwahesabu watoto wake kila king'ora kilipolia.

Meli ilitupa kitu ambacho wenyeji wengi wa mto ule hawajakipata: kusikia ng'ambo zote mbili, moja baada ya nyingine, kabla masikio hayajasahau. Kusikiliza kote hakuyafanyi makosa kuwa sawa. Waliouawa Ovčara walikuwa na wauaji, na wauaji wana majina. Lakini yule mama wa Vukovar na yule mwanamke wa Novi Sad walinieleza hofu ile ile ya mzazi, na hawajawahi kuonana.

Nimefundisha maisha yangu yote, na ningepewa nafasi ningewapandisha meli ile watoto wa miji yote miwili pamoja. Wale mchuzi kwa yule mama, wapite chini ya lile daraja, wausome mnara na misalaba, wasimuliwe yote bila kufichwa. Kisha warudi Vukovar waketi darasa moja.