Idi Inakuja, Tairi Kipara!

Jamani, uwanja wa mbio za pikipiki huku Pemba hatuna. Wenzetu wa Ulaya, kijana akitaka kuvuta mafuta mpaka mwisho analipa kiingilio, anafunguliwa barabara ya mzunguko isiyo na ng'ombe wala muuza chapati, anajimwaga mpaka roho yake itulie. Sisi tuna Idi. Siku hiyo kila mwenye pikipiki, yake au ya kuazima, anaipangusa mpaka ing'ae, anapakia mtu nyuma, kisha ni Konde, Wete, Chake, Mkoani, vilima na kona juu ya kona. Jioni wote Tibirinzi.

Idi el-Fitri ya 2024 ilituangukia Aprili, masika yamepamba moto. Mdogo wangu, mtoto wa ami, ni bodaboda. Tairi lake la nyuma lilikuwa kipara, yaani kipara hasa, unajiona sura. La mbele lilikuwa na uhai kidogo. Na abiria wake wa Idi alikuwa bintiye wa miaka 6.

Namwambia badilisha, ananiletea falsafa. "Kaka, wewe huangalii MotoGP? Tairi zao hazina hata mchoro mmoja. Kipara ndicho kinachoshika lami!"

Kijana hakukosea yote, ndiyo maana hoja yake ilinisumbua. Kwenye lami kavu tairi lisilo na mifereji linagusa barabara kwa eneo kubwa. Lakini lile la MotoGP ni mpira laini, mnene, unaovishwa blanketi la umeme upate moto kabla ya kuingia uwanjani. La kwake lilikuwa limebaki ngozi tu juu ya nyuzi. Halafu mvua ikinyesha, wale mabwana wanaruhusiwa kurudi ndani na kutoka na pikipiki ya pili yenye tairi za mifereji, utaratibu ulioanza 2005. Nikamuuliza, "Yako ya pili umeiegesha wapi?" Kimya.

Basi tukaenda dukani Chake. Mfuko wake, baada ya kutoa hesabu ya mwenye pikipiki, ulitosha tairi mbili za bei poa au moja ya maana. Yeye macho yote kwenye zile mbili: nyeusi, zimepakwa dawa zinameremeta, zinaning'inia nje ya duka. Idi bwana, nani asiyetaka kung'ara mbele na nyuma?

Mimi nikainama kutafuta tarakimu nne zilizofungiwa ubavuni. 2316. Maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Karibu miaka minane, na sehemu ya umri huo limeoteshwa jua! Nikalikunja kidogo, nyufa nyembamba zikachungulia kama visigino vya kiangazi. Mpira mkongwe unakauka, na ukikauka haushiki, hata kama mchoro wake haujaguswa.

La maana lilikuwa ndani, kwenye rafu, halina mbwembwe. Limeandikwa 3.00-17, kipimo kile kile cha lile kuukuu: upana inchi tatu, rimu inchi 17. Pembeni 50P. Hiyo 50 ni uzito, kilo 190 kwa tairi moja. P ni mwendo, kilomita 150 kwa saa, ambao pikipiki yake hata ikiteremka kilima na upepo mgongoni haiufikii. Kwa hiyo usimlipe mtu hela ya ziada kwa herufi kubwa zaidi. Tarehe, 4023.

"Moja tu, kaka?" Uso umemshuka kama kanyimwa pilau.

"Moja, tena leo. Usingoje mkesha wa Idi."

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Tairi jipya lina utelezi wake kutoka kiwandani, linataka kilomita mia hivi za mwendo wa kistaarabu kabla hujalilaza kwenye kona. Fundi akalifunga, akaangalia mshale wa mzunguko usije ukageuka nyuma, akajaza upepo PSI 28 kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Ukipakia mtu, 32. Vijana wengi wanabonyeza kwa kidole gumba wakasema tayari. Kidole gumba si geji, ndugu yangu.

Idi ikafika na mvua yake. Saa kumi jioni wako Tibirinzi, mtoto ana puto mkononi, tope mpaka magotini, anadai warudi Wete tena. Babake anawaonyesha wenzake tarakimu za ubavuni, anazisoma kwa sauti kama mwalimu wa hesabu.

La mbele lilingoja karafuu. Alilinunua Septemba, na safari hii mimi sikuitwa hata kulitazama.